Mwana wa Dar es Salaam katika Kambi ya Sachsenhausen: Wafungwa wa Vita na Kumbukumbu ya Kanisa

1. Utangulizi

Katika semina ya Biblia niliyopewa kuiongoza huko Nkoma, sehemu ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Bariadi na sasa imo katika wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, tulikuwa tukisoma sura ya 13 ya Waraka kwa Waebrania. Tulifika pale ambapo mwandishi anawaagiza waumini wawakumbuke wafungwa kama watu waliofungwa pamoja nao (Ebr 13:3). Mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza: "Baba Mchungaji, tunafundishwa kwamba mafundisho ya Luther yalitoka kwa Wajerumani. Redioni nako tumesikia kwamba Wajerumani waliwafungia watu kambini wakawaua kwa maelfu. Je, ni Wajerumani wale wale? Na sisi Waafrika tulikuwa wapi wakati huo?"

Swali la kwanza nililijibu kwa urefu. Niliwataja Dietrich Bonhoeffer, Martin Niemöller na Paul Schneider, ambao kila mwanafunzi wa theolojia anayajua majina yao. Swali la pili nililijibu kwa maneno machache: nilisema kwamba kambi zile zilikuwa jambo la Ulaya na kwamba sisi hatukuwamo.

Jibu langu la pili halikuwa kweli. Nimefundisha historia ya Kanisa miaka mingi, lakini sikuwa nimejiuliza swali la yule mzee. Makala hii ni masahihisho ya jibu hilo. Nitaonyesha kwanza kwamba kambi za wafungwa zilifika katika bara letu kabla ya kufika Dachau. Kisha nitasimulia habari za mtu mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam na kufa katika kambi ya Sachsenhausen. Mwisho nitauliza maana ya habari hizi kwa Kanisa linaloitwa la Kilutheri katika Tanzania.

2. Kambi kabla ya Hitler

Wengi hudhani kwamba kambi za mateso zilibuniwa na Wanazi. Sivyo. Mwaka 1896 jeshi la Hispania katika kisiwa cha Kuba liliwakusanya wanavijiji mahali palipozungushiwa ulinzi, ili wapiganaji wa ukombozi wasipate chakula wala msaada. Katika vita vya Afrika ya Kusini vya miaka 1899 hadi 1902, Waingereza waliteketeza mashamba ya Makaburu na kuwaweka wanawake na watoto wao kambini. Humo walikufa Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto. Waafrika nao waliwekewa kambi zao, wakafa kwa maelfu, ingawa vifo vyao havikuandikwa kwa uangalifu ule ule.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Namibia. Waherero walipoinuka mwaka 1904, na Wanama baada yao, wale waliosalimika katika vita na kiu ya jangwani waliswagwa katika kambi. Iliyotisha kuliko zote ilikuwa katika Kisiwa cha Papa, karibu na mji wa Lüderitz, ambako wafungwa walikufa kwa baridi, njaa na kazi ngumu. Jambo hili linatugusa sisi, kwa sababu wamisionari wa Kijerumani walikuwapo. Serikali iliwatumia kuwaita Waherero watoke maporini na kukusanyika katika vituo vyao. Watu walikuja kwa sababu walimwamini mtumishi wa Mungu, na kutoka vituoni wakapelekwa kwenye kambi za jeshi. Wako wamisionari waliolalamika kwa barua na kuwahudumia wagonjwa. Hata hivyo mlango wa kambi ulipitia katika uwanja wa misioni.

Katika nchi yetu wenyewe, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, serikali ya Kijerumani iliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA na wa CMS, na hatimaye wengi wao wakawekwa Tabora. Pamoja nao walikamatwa walimu na makatekista Waafrika, wakishukiwa kwamba ni wapelelezi wa Mwingereza. Mzungu alifungwa kama raia wa nchi adui. Mwafrika alitiwa minyororo, akachapwa viboko na kubebeshwa mizigo, na wako waliokufa kifungoni. Wafungwa wa Tabora walipata uhuru Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipouteka mji huo. Ndipo mambo yakageuka: Waingereza na Wabelgiji wakawakamata wamisionari Wajerumani, nao wakaondolewa nchini. Kila upande uliposhinda uliwafunga wahubiri wa upande wa pili, na mara zote mbili washarika waliachwa pasipo mchungaji mgeni.

Kwa hiyo mzee wa Nkoma alipouliza tulikuwa wapi, jibu la kwanza ni hili: tulikuwamo tangu mwanzo.

3. Mtoto wa askari

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Kijerumani, mwenye cheo cha efendi. Mtoto alikulia katika maisha ya boma: alisoma shule, akajua Kijerumani pamoja na Kiswahili, na vita vilipozuka mwaka 1914 aliingia jeshini na baba yake akiwa na umri wa miaka kumi tu. Leo tungemwita askari mtoto. Oktoba 1917 alikuwapo katika mapigano makali ya Mahiwa, katika nchi ya Lindi. Alijeruhiwa huko, akatekwa na Waingereza. Basi alionja ufungwa wa vita kwa mara ya kwanza kabla hajatimiza miaka kumi na minne.

Watu wa Usukuma na Unyamwezi hawahitaji kuelezwa sana habari ya vita vile. Vijana wengi wa huku walichukuliwa kuwa askari, na wengine wengi zaidi wakawa wapagazi wa pande zote mbili. Wengi hawakurudi, wala makaburi yao hayajulikani.

Baada ya vita kijana yule alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe, ambao serikali ya Kijerumani haikuwa imeulipa tangu vita. Wizara ilimjibu kwamba amechelewa. Hakurudi. Alibaki Berlin, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland.

4. Mwalimu wa Kiswahili

Katika Berlin kulikuwa na chuo cha lugha za Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1887, ambamo maofisa, wafanyabiashara na wamisionari walijifunza Kiswahili kabla ya kuja huku. Kabla ya Husen alikuwa amefundisha huko Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa mwaka 1903, yanasomwa hata leo. Husen naye akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni. Alikuwa akisahihisha matamshi ya wanafunzi waliotumaini kwamba siku moja Ujerumani ingepata tena makoloni yake.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa mwanamke Mjerumani, Maria Schwandner. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler alifanywa kuwa Kansela. Mwaka 1935 zikatungwa sheria za Nürnberg zilizopiga marufuku ndoa kati ya Wayahudi na wale walioitwa wenye damu ya Kijerumani, na miezi michache baadaye ikaamriwa kwamba sheria hizo ziwahusu pia watu weusi na Wasinti na Waroma.

Husen alijaribu kujilinda kwa njia aliyoijua tangu utotoni, yaani kwa kuonyesha utii. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana vita mstari wa mbele, alikataliwa. Alivaa sare ya askari katika mikutano ya waliotamani makoloni yarudi. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa tena. Kazi aliyoipata kwa urahisi ilikuwa katika filamu, ambamo alicheza zaidi ya mara ishirini, karibu kila mara akiwa mtumishi, mpagazi au kiongozi wa msafara wa bwana mweupe. Ya mwisho ilikuwa ile ya mwaka 1941 iliyomsifu Carl Peters, mtu ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Katika filamu hiyo walitumiwa pia wafungwa wa vita Waafrika, waliotekwa katika jeshi la Ufaransa, ili wawe "wenyeji" wanaoonekana nyuma ya shujaa.

Msomaji asiharakishe kumhukumu. Kuna watu ambao utii ndiyo mali pekee waliyoachiwa, nao huendelea kuitoa hata mnunuzi anapoikataa. Pia ifahamike kwamba mchungaji Martin Niemöller, aliyekuwa nahodha wa manowari katika Vita Vikuu vya Kwanza, naye aliomba mwaka 1939, akiwa mfungwa wa Hitler, arudishwe katika jeshi la majini. Naye alikataliwa. Mlutheri yule na Mwislamu huyu walikuwa wamelelewa na jeshi moja la Kaisari, na wote wawili walichelewa kufahamu kwamba dola waliyotaka kuitumikia ilikuwa imekwisha kuwahesabu kuwa adui.

5. Sachsenhausen

Kambi ya kwanza ya utawala wa Hitler ilifunguliwa Dachau mwezi Machi 1933 kwa ajili ya wapinzani wa kisiasa. Sachsenhausen ilijengwa mwaka 1936 katika mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin, karibu kiasi kwamba treni za mjini zilifika huko. Iliwekwa kuwa kambi ya mfano na mahali pa kuwazoeza walinzi. Mfungwa alinyang'anywa jina akapewa namba, na juu ya vazi lake kikashonwa kitambaa cha pembetatu ambacho rangi yake ilionyesha "kosa" lake: nyekundu kwa wa siasa, kijani kwa wahalifu, zambarau kwa Mashahidi wa Yehova, na nyingine kwa wengine. Tangu mwaka 1936 hadi 1945 walipita humo zaidi ya watu 200,000. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, magonjwa, kazi, risasi na majaribio ya kiganga.

Husen alikamatwa Agosti 1941. Alishitakiwa kwamba alikuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani asiye mkewe, jambo ambalo Wanazi waliliita aibu ya mbari. Tusijifanye kwamba ndoa yake haikuwa na dosari. Lakini hakufungwa kwa sababu ya uzinzi. Alifungwa kwa sababu ya ngozi yake. Hakupelekwa mbele ya mahakama yoyote. Mwezi Septemba alitiwa Sachsenhausen. Katika majuma yale yale, walinzi wa kambi walikuwa wakiwapiga risasi ya kisogo wafungwa wa vita kutoka Urusi, mmoja baada ya mwingine, katika chumba kilichotengenezwa kufanana na chumba cha kupimia wagonjwa. Zaidi ya 10,000 waliuawa hivyo katika vuli ya mwaka ule.

Niemöller alikuwa amefungwa peke yake katika kambi hiyo hiyo tangu mwaka 1938, naye alihamishiwa Dachau Julai 1941. Walipishana kwa miezi miwili. Mmoja alikuwa akiombewa na sharika na makanisa ya nchi nyingi, na magazeti ya London na New York yalikuwa yakilitaja jina lake. Kwa huyu wa pili, ambaye aliishi humo miaka mitatu na zaidi, sijapata kusoma habari ya sharika yoyote iliyolitaja jina lake madhabahuni. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Kambi ilikombolewa tarehe 22 Aprili 1945.

6. Kanisa lilikuwa wapi?

Sasa twarudi kwenye swali la kwanza la mzee: je, ni Wajerumani wale wale? Jibu la uaminifu ni kwamba, ndiyo, kwa sehemu kubwa walikuwa wale wale. Walibatizwa, wakafundishwa Katekisimo Ndogo, wakaimba nyimbo ambazo sisi tumezitafsiri. Walinzi wengi wa kambi walipata Kipaimara kama vijana wetu wanavyopata.

Tunajivunia Azimio la Barmen la Mei 1934, na inatupasa. Lilikataa kumweka Kiongozi wa dola mahali pa Kristo. Lakini azimio hilo lilipigania uhuru wa Kanisa, wala halikumtaja Myahudi. Karl Barth, aliyeliandika kwa sehemu kubwa, alikiri katika uzee wake kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Paul Schneider, aliyehubiri kutoka dirisha la chumba chake cha adhabu mpaka alipouawa Buchenwald tarehe 18 Julai 1939, na Bonhoeffer, aliyenyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, walikuwa wachache miongoni mwa maelfu ya wachungaji. Vita vilipokwisha, viongozi wa Kanisa walitoa Ungamo la Hatia huko Stuttgart mnamo Oktoba 1945. Ni tendo jema. Lakini katika ungamo hilo pia Wayahudi milioni sita waliouawa hawakutajwa kwa jina, sembuse Mwafrika mmoja.

Naona hapa makosa mawili ya theolojia. La kwanza ni namna ilivyofundishwa habari ya falme mbili. Luther alitenganisha kazi ya upanga na kazi ya Neno ili kila moja ipate mpaka wake. Wajukuu wake waliigeuza kuwa ruhusa ya kunyamaza: waliisoma Warumi 13 wakasahau kwamba mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na kwamba mtumishi aweza kuulizwa. La pili ni kumkumbuka mfungwa aliye wa kwetu tu. Yesu katika Mathayo 25 hasemi kwamba waliomtembelea gerezani walimkuta mtu wa dhehebu lao. Waliobarikiwa hawakujua hata kwamba ni yeye.

7. Safari zilizopishana

Nimalizie na jambo ambalo wanafunzi wetu wa Makumira hulipita kila waendapo Arusha. Pale Tengeru yapo makaburi ya Wapolandi wapatao 150. Hawa walichukuliwa kwao katika miaka ya 1940 na 1941 na serikali ya Stalin, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan katika kazi za kulazimishwa. Hitler alipoivamia Urusi, mapatano ya Julai 1941 yaliwaruhusu kutoka. Walivuka mpaka Iran mwaka 1942, na kutoka huko maelfu yao, hasa wanawake na watoto, wakaletwa kwa meli Afrika ya Mashariki. Waliwekwa Tengeru, Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro, pia Masindi na Koja katika Uganda. Tengeru pekee iliwapokea wapatao 5,000. Wenyeji wa Meru waliwauzia ndizi na maziwa, wakawajengea nyumba za duara, wakachimba makaburi pamoja nao. Vita vilipokwisha, wengi walihamia Uingereza, Kanada na Australia.

Basi tuzitazame safari hizi mbili. Katika miaka ile ile ya 1942 hadi 1944, mtoto wa Poland aliyetoka kambini alikuwa akipona chini ya Mlima Meru, na mwana wa Dar es Salaam alikuwa akifa katika kambi kaskazini ya Berlin. Nchi iliyoitwa ya giza ilikuwa kimbilio, na nchi iliyotuma wajumbe wa nuru ilikuwa imejenga tanuru. Sisemi hivyo ili tujisifu. Wapolandi hawakualikwa na wenyeji. Aliyeamua ni mtawala Mwingereza, na ardhi haikuwa yake. Tena mwaka 1952, katika Kenya jirani, Waingereza wale wale walianza kuwafungia Wakikuyu kwa makumi ya maelfu huko Manyani na kwingineko, na tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa huko Hola. Na Sachsenhausen yenyewe haikufungwa mwaka 1945: utawala wa Kisovieti uliitumia tena hadi mwaka 1950, na wafungwa wapatao 12,000 wakafa humo. Kambi haina kabila wala dini. Hukaa tayari ikimngoja yeyote atakayekubali kwamba watu fulani si watu kamili.

8. Hitimisho

Mwaka 2007 liliwekwa mbele ya nyumba moja katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, jiwe dogo lenye bamba la shaba, na juu yake limeandikwa jina la Bayume Mohamed Husen. Wapita njia wa Berlin huinama wakalisoma. Mimi nilimaliza seminari na kufundisha vizazi kadhaa vya wachungaji pasipo kulijua.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, katika somo letu la historia ya Kanisa, mahali tunapofundisha Barmen na Buchenwald, tufundishe pia Kisiwa cha Papa, Tabora, Tengeru na Sachsenhausen ya Husen, ili mwanafunzi asidhani kwamba dhambi na ushahidi wa karne ya ishirini vilitokea kwa wengine. Pili, kila sharika ianze daftari la majina. Waliowaona wapagazi na askari wa vita vile kwa macho wamebaki wachache mno, lakini wajukuu bado wanayo majina. Bwana Mungu alimwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake inalia kutoka ardhini (Mwa 4:10). Damu hiyo ilikuwa na jina, na jina hilo liliandikwa.

Nilirudi Nkoma nikamtafuta yule mzee, nikamweleza kwamba nilimjibu vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba babu yake mzaa mama aliondoka na mzigo wa Wajerumani kichwani wala hakurudi, na kwamba hajawahi kuulizwa jina lake na mtu yeyote wa Kanisa. Akalitaja. Nikaliandika katika ukurasa wa kwanza.